Siku Moja kwa Miguu: Dar es Salaam au Nairobi kwa Mwanafunzi Aliye Peke Yake?

Mwanafunzi mwenye siku moja tu, begi dogo mgongoni na hela ya kuhesabu akiniuliza ashukie Dar es Salaam au Nairobi azunguke kwa miguu, simjibu kabla sijamuuliza swali moja: wewe huamka saa ngapi? Naliuliza kwa dhati. Vitu vya kuona vipo vya kutosha pande zote mbili. Kinachotofautisha miji hii ni saa zake. Dar ni mji wa alfajiri na wa jioni; hapo katikati jua linakuondoa barabarani. Nairobi ni mji wa mchana. Asubuhi sana kuna baridi na milango mingi bado imefungwa, na giza likiingia unatakiwa uwe umeshatoka katikati ya mji. Ukishalijua hilo, nusu ya uamuzi umeufanya.

Ninayemfikiria hapa ni mtu anayesoma Dodoma, Arusha, Eldoret, Kampala au Bujumbura. Likizo imefika, basi lake linapita mojawapo ya miji hii, na hana mwenyeji wa kumpokea. Atakula kwa mama ntilie au kibandani, atauliza njia, na jioni ataendelea na safari au atalala mahali pa bei nafuu. Hana haja ya kuona kila kitu. Ana haja ya siku nzuri.

Hewa ndiyo inayopanga ratiba

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu anayetembea, hiyo ndiyo zawadi yake kubwa. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni unaweza kukata mitaa bila shati kulowa, na kilomita kumi za huko ni nyepesi kuliko nne za Dar mwezi Februari. Ila mtu wa pwani akifika Juni, Julai au Agosti bila sweta ataijutia asubuhi yake, maana miezi hiyo wingu hukaa juu ya mji hadi karibu na adhuhuri.

Dar iko usawa wa bahari, na joto lake si la jua pekee. Ni la unyevu. Hata kivulini jasho linatoka. Kati ya Desemba na Machi, saa tano hadi saa tisa si saa za kutembea, na mtu asikudanganye kwamba kofia inatosha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikikaza baadhi ya mitaa ya katikati hujaa maji na viatu vya kitambaa havina kazi. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba: upepo unatoka baharini, jua linavumilika. Kwa hiyo mwenye likizo ya katikati ya mwaka miji yote miwili inampokea, mmoja kwa sweta na mwingine kwa shati jepesi. Mwenye likizo ya Januari au Februari, na ambaye hawezi joto, aende Nairobi bila kujadiliana na nafsi yake.

Dar: anza kabla jua halijapata nguvu

Ukichagua Dar, uwe Feri, kwenye soko la samaki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana kituo cha mwisho Kivukoni, hatua chache kutoka soko la samaki, kwa hiyo hata uliyelala Kimara huna kisingizio. Saa hizo mnada umepamba moto. Samaki wamemwagwa juu ya meza kwa mafungu, mnadi anataja bei kwa kasi, na wanunuzi wanamjibu kwa kidole, kwa kope, kwa kuguna tu. Mama lishe wawili watatu huungana kununua fungu moja kubwa, halafu wanagawana pembeni, mmoja akihesabu na mwingine akishika ndoo. Nyuma yao mashua zimeegeshwa mchangani, na vijana wa kupara samaki wako kazini, magamba yamewaganda mikononi hadi kwenye viwiko. Simama pembeni ya njia, usizuie mtu mwenye beseni kichwani, na kabla ya kupiga picha uliza. Ukimsalimia aliyekuzidi umri kwa shikamoo, mara nyingi jibu linakuja na maelezo ya bure kuhusu jinsi changu na kibua wanavyotofautiana bei. Ikulu iko jirani. Huko simu ibaki mfukoni.

Kutoka Feri fuata barabara ya Kivukoni ukiwa na bahari kushoto kwako. Hapa ndipo Dar inapomlipa anayetembea. Kanisa la Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, lilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mbele kidogo, kando ya zinakopandiwa boti za Zanzibar, kuna Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo ujenzi wake ulianza 1897 na kukamilika 1902. Ukipita hapo unafika Old Boma, jengo la miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, yule aliyeamua kuujenga mji mahali hapa. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, nene, na ndani kuna ubaridi ambao majengo ya vioo ya jirani yanaupata kwa umeme tu. Kwa mwendo wa pole, mkondo huo wote ni chini ya saa moja, na umepita Usultani, Ujerumani na Uingereza bila kulipa kiingilio.

Panda sasa hadi barabara ya Samora, ukaione sanamu ya Askari kwenye mzunguko wake. Ilizinduliwa 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana Mjerumani Hermann von Wissmann hadi Waingereza walipoingia mjini 1916 na kuiondoa. Nairobi nayo ina ndugu ya sanamu hii kwenye Kenyatta Avenue, kazi ya mchongaji yuleyule, James Alexander Stevenson. Ya Dar ina mwanajeshi mmoja aliyenyoosha singe; ya Nairobi ina watu watatu, na mmoja wao ni mchukuzi, mmoja wa wale waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia na kufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi. Kwangu mimi ya Nairobi inasema ukweli zaidi.

Ikifika saa nne, ingia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, karibu na bustani ya mimea ya tangu enzi za Wajerumani. Chumba cha mambo ya kale kinaeleza habari za Zinjanthropus, fuvu la jamii ya binadamu wa kale alilolipata Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Yapo pia magari yaliyotumiwa na viongozi, akiwemo Mwalimu Nyerere, na uani kuna kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Beba kitambulisho cha chuo. Makumbusho haya, sawasawa na yale ya Nairobi, hutoza kwa kuangalia uraia na kama wewe ni mwanafunzi, na tofauti ya bei inatosha chakula cha mchana.

Kisha pumzika, na pumzika kwa moyo wote. Mchana wa Dar haushindwi na mtu. Kula wali maharage na samaki kwa mama ntilie aliye chini ya mti, halafu tafuta kivuli cha kukaa muda mrefu: Maktaba Kuu ya Taifa kwenye barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, au baraza la msikiti kama wewe ni wa kuswali. Ukifika Ramadhani, ujue kwamba vibanda vingi vya katikati ya mji havipiki mchana, na kula ukitembea barabarani ni kukosa adabu. Jioni yake, hata hivyo, futari ikianza kuuzwa, hakuna mwezi mzuri kuliko huo wa kuwa mgeni mjini.

Saa tisa na nusu nenda Kariakoo kwa miguu, ukipitia Mnazi Mmoja na mtaa wa Lumumba, ilikozaliwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, tarehe 7 Julai 1954. Soko lenyewe lilisanifiwa na Beda Amuli na likajengwa katikati ya miaka ya 1970. Paa lake la miavuli ya zege ni kazi ambayo mwanafunzi wa usanifu majengo anapaswa kuitazama kwa macho yake. Liliungua Julai 2021 na likajengwa tena. Kuzunguka soko ni mitaa ya biashara inayoanzia kwenye vitenge na kuishia kwenye vipuri vya pikipiki, na klabu za Simba na Yanga zina makao yake huko huko. Kama hujui cha kuzungumza na mtu Dar, taja mojawapo. Muuza kahawa atakumiminia kikombe kidogo, atakupa na kashata, na watu wa barazani watakuuliza unatoka wapi na unashabikia nani kabla hujamaliza kupuliza.

Jioni, rudi Feri ukapande pantoni kuvuka maji kwenda Kigamboni na kurudi. Nauli haifiki bei ya soda. Simama ukingoni juu, utazame mji ukiwasha taa zake huku wafanyakazi wakirudi nyumbani na baiskeli, mikungu ya ndizi na watoto wa shule. Katika vitu vyote nilivyovitaja, kama una muda wa kimoja tu, kiwe hiki.

Nairobi: majina ya mitaa ndiyo kitabu

Nairobi ilianza 1899 ikiwa kambi ya reli ya Uganda, kwa hiyo haina majengo ya kale ya kulinganisha na Old Boma. Utajiri wake ni wa namna nyingine, na binafsi naona kwa mwanafunzi ni mkubwa zaidi: ni mji ambao siasa zake zote zilifanyikia barabarani, na barabara hizo unazifikia zote kwa miguu.

Anza saa tatu asubuhi upande wa chini wa Moi Avenue, kwenye bustani ya kumbukumbu ya 7 Agosti. Bomu la Nairobi na lile la Dar yalilipuka asubuhi ileile yakipishana dakika chache. Hapa walikufa zaidi ya watu 200, Dar 11. Majina yameandikwa ukutani, na wengi ni wafanyakazi wa kawaida wa ofisi za jirani na wapita njia. Kutoka hapo tembea hadi KICC, jumba la mikutano la mviringo lililofunguliwa 1973, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik. Ulizia getini kama wanapandisha wageni darini siku hiyo. Wakikuruhusu, lipa na upande, kwa sababu kutoka juu unaielewa ramani nzima ya siku yako: reli kusini, Uhuru Park magharibi, chuo kikuu kaskazini.

Kisha rudi Moi Avenue kwenye sanamu ya Tom Mboya. Hapo karibu, tarehe 5 Julai 1969, alipigwa risasi akitoka dukani, akiwa waziri na hajafika miaka 40. Nyuma ya sanamu ni Nyaraka za Taifa, ndani ya jengo la zamani la benki, na ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyekusanya sanaa ya Afrika nzima kwa mapenzi yake mwenyewe: vinyago, nguo, vito, stempu za posta. Watu maelfu wanapita mlango huo kila siku wakikimbilia matatu, na ndani utakuta nafasi na utulivu. Nenda siku ya kazi, na ukae saa nzima.

Kutoka hapo ni dakika tano hadi sanamu ya kiongozi wa Mau Mau Dedan Kimathi, iliyowekwa 2007, miaka 50 baada ya Waingereza kumnyonga. Amesimama na bunduki mkono mmoja na kisu mkono mwingine, nywele zake za msituni zimesukika. Vuka Kenyatta Avenue, pita msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan, ambayo ilifunguliwa 1931 ikiwa ya Wazungu peke yao na leo wanasomea humo watoto wa Eastlands. Saa saba mchana uwe bustani ya Jeevanjee. Hapo watu wa ofisini hula chakula chao kwenye viti vya bustani huku wahubiri wakishindana sauti upande mmoja na wabishi wa siasa wakiwa wameunda duara upande mwingine. Unaruhusiwa kusimama na kusikiliza, na ukiwa na hoja unaruhusiwa kuitoa. Bustani hii ilinusurika kuuzwa mwaka 1991 kwa sababu Zarina Patel, mjukuu wa yule Jeevanjee aliyeitoa kwa wananchi, alikataa na akawakusanya watu. Miaka miwili kabla yake mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikuwa amekataa jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Ukila mandazi yako pale kivulini, jua kivuli hicho kilitetewa.

Mbele ya chuo kikuu kuna Harry Thuku Road. Machi 1922 Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni, alikamatwa, watu wakakusanyika kituo cha polisi kudai aachiwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akawatangulia mbele wanaume walipositasita. Polisi walifyatua risasi, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Kutoka Nyanjiru hadi Kimathi hadi Mboya, yaani 1922, 1957 na 1969, ni mwendo usiozidi nusu saa. Sijui mji mwingine wa Afrika Mashariki unaoweza kukusomesha hivyo kwa umbali mfupi kiasi hicho.

Ukibaki na nguvu, endelea hadi Makumbusho ya Taifa juu ya Museum Hill, nusu saa zaidi, ambako Mvulana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale iliyopatikana 1984, anastahili safari yake mwenyewe. Malipo ya huko hufanywa kwa mtandao wa serikali, si kwa noti mkononi, kwa hiyo mgeni asiye na laini ya Kenya apange hilo mapema. Usiku usikukute njiani ukirudi. Saa kumi na mbili jioni mji wote unaelekea kwenye matatu, foleni ni ndefu, na mvua ikinyesha nauli inapanda papo hapo.

Pesa, usalama na choo

Kwa fedha, Dar ni nafuu. Chakula, usafiri na kukaa tu bila mtu kukuuliza unangoja nini, vyote ni vya bei ya chini au bure. Nairobi inataka uwe mjanja: kula upande wa River Road na si Kimathi Street, na utashiba kwa chapati na madondo, yaani maharage, kwa sehemu ndogo ya bei. Upande mmoja Nairobi inaishinda Dar waziwazi, nao ni vyoo. Katikati ya mji kuna vyoo vya kulipia, safi kiasi cha haja, na vimetapakaa. Dar utategemea stendi, msikiti, au huruma ya mgahawa uliokula. Kwa mtu anayetembea kutwa akinywa maji, hilo si jambo dogo.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania tangu Juni 2019. Beba mfuko wa kitambaa uepuke maneno mpakani.

Kuhusu vibaka, niseme wazi. Nairobi inahitaji macho zaidi. Simu haitolewi barabarani Tom Mboya Street wala dirishani mwa matatu. Ukitaka kuangalia ramani, ingia dukani au simama kando ya mlinzi wa mlangoni, na hao walinzi ndio wanaojua njia kuliko mtu yeyote mjini. Dar hatari ya kawaida ni pikipiki inayopita karibu na kukwapua begi, basi begi likae upande wa ukuta na si wa barabara. Kariakoo mfuko wa mbele ndio wa hela. Baada ya hapo Dar inakulegeza, na unaweza kukaa Feri saa mbili usiku ukila mhogo wa kukaanga kati ya familia za watu. Nairobi saa hiyohiyo mimi ningekuwa nyumbani.

Kwa dada anayezunguka peke yake ushauri wangu unabadilika kidogo. Kariakoo ataitwa, atashikwa mkono na wauzaji, ataambiwa maneno. Akijibu kwa salamu na kuendelea kutembea, wengi huacha, na mama wa dukani akiona msichana anasumbuliwa huingilia kwa sauti. Nairobi hataitwa sana mitaani, lakini vituo vya matatu vya Tom Mboya na Ronald Ngala vina historia yake. Novemba 2014 wanawake waliandamana katikati ya mji baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume wa stendi, na ujasiri wao uliwafanya wengi waufikirie mji ule upya. Apande matatu kwenye vituo vyenye foleni iliyopangwa, na mchana. Nikilazimika kumtuma mdogo wangu wa kike kwa siku yake ya kwanza kabisa peke yake, nitamtuma Dar.

Upweke nao uhesabiwe

Watu huandika kuhusu gharama na vivutio wakasahau kwamba mtu aliye peke yake huchoka moyo kabla ya miguu. Dar haikuachi peke yako. Ukiuliza njia, unayemuuliza anaweza kukusindikiza hadi kona, na njiani ajue unasoma nini na wazazi wako wako wapi. Mtu mwenye haya, aliyezoea kukaa kimya bwenini, atarudi amezungumza na watu kuliko wiki nzima ya chuo. Nairobi watu wana haraka na wanakuheshimu kwa kukuacha. Utaelekezwa kwa maneno matatu, sahihi, na mwenye kuelekeza ameshavuka barabara. Kwa anayetaka kufikiri, kusoma vibao, kukaa na daftari bustanini, huo ndio uhuru wenyewe.

Hukumu yangu basi ni hii. Kama hujawahi kuzunguka mji mkubwa peke yako, kama hela ni kidogo, na kama unaweza kuamka saa kumi na moja alfajiri, chagua Dar. Kama umeshazoea kutembea peke yako, unasoma historia, sheria, siasa au sanaa, na unataka siku ambayo kila mtaa unakufundisha kitu, chagua Nairobi na usijute bei ya chai. Mpenda kulala hadi saa tatu asiende Dar; atakuwa amekosa Feri, na jua litamkuta Samora.

Siku ya wiki nayo inaamua. Jumapili nachagua Dar bila kufikiri: Feri iko hai, pantoni linavuka, makanisa ya Kivukoni yamejaa nyimbo, ingawa maduka mengi ya Kariakoo yamefungwa. Nairobi Jumapili Nyaraka za Taifa hazifunguliwi na barabara za katikati ni tupu kuliko mgeni anavyopenda. Jumanne hadi Alhamisi ni za Nairobi. Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza kwa jirani, ila hati ya kusafiria au ile ya muda lazima iwepo. Kitambulisho cha taifa peke yake hakikuvushi mpaka wa Namanga.

Na tazama kalenda. Tarehe 25 Juni na 7 Julai 2025 barabara za kuingia katikati ya Nairobi zilifungwa kwa sababu ya maandamano, na aliyekuwa amepanga kutembea siku hizo aliishia kwenye vizuizi vya polisi. Siku zenye joto la siasa, katika mji wowote kati ya hii miwili, ahirisha. Saba Saba Dar ni sikukuu ya kitaifa na msimu wa maonyesho ya biashara, kwa hiyo mwenye likizo ya mwanzoni mwa Julai afanye Dar siku hiyo: asubuhi Feri na Kivukoni, mchana daladala la barabara ya Kilwa hadi viwanja vya Sabasaba, na Nairobi aipeleke wiki inayofuata.